Ukurasa wa Kumi na Nne

Ushirika wa Wafugaji Amabere Amaya,
Nyansiongo.
Jumanne, 11 Februari 2025

Kwa wenye programu ya Zizi,
Kisii Mjini.

Mabwana na Mabibi,

Mimi ni karani wa kumbukumbu wa ushirika huu, mwaka wa kumi na mbili sasa. Tangu Juni mwaka jana tunatumia programu yenu ya Zizi kuandika wanachama, ng'ombe wao, maziwa ya kila asubuhi na tarehe za kupandisha. Sijawahi kuwaandikia kwa sababu sikuwa na shida na ninyi. Sasa ninayo.

Jumatatu tarehe 3 nilitaka kujua ni nani hajaleta maziwa kwa siku tisini. Nilifungua mwongozo wenu ukurasa wa 14, ambao nanakili hapa neno kwa neno:

"ondoa wasioleta. Huondoa wanachama wasioleta maziwa kwa idadi ya siku iliyotajwa. Endesha amri, hakiki orodha, kisha kamilisha."

Niliandika "ondoa wasioleta 90", nikabonyeza enta. Yakatokea majina sitini na matatu. Nikachukua kalamu nihakiki kama nilivyoambiwa. Huyu ng'ombe wake amekauka anangoja kuzaa, abaki. Huyu alilazwa hospitali tangu Novemba, abaki. Huyu amehamia Mosocho kwa binti yake, huyu aondoke. Nilifanya kazi hiyo hadi saa ya chakula. Ijumaa nilipochapisha daftari la wapiga kura, wote sitini na watatu hawakuwemo. Kumbe nilikuwa nahakiki watu waliokwisha kuondoka.

Mkutano wetu mkuu wa uchaguzi ni Alhamisi, tarehe 13 Machi. Katiba yetu inasema asiyekuwa katika daftari hapigi kura wala hapigiwi. Mmoja wa walioondolewa ni Mzee Mathew Nyabuto, anayegombea uenyekiti. Mwenyekiti wa sasa, Bwana Ochoki, ni mjomba wangu, ndugu ya mama yangu. Yanayosemwa kituoni asubuhi watu wakipanga makopo yao ya maziwa mnaweza kuyakisia wenyewe.

Niliwapigia simu. Kijana mmoja akaniambia, "Endesha tu rudisha." Ukurasa wa 15 unasema: "rudisha. Hurejesha hali iliyotangulia. Hupatikana kwa siku thelathini." Hali ipi? Ya nani? Siku hizo thelathini zinaisha Jumatano, tarehe 5 Machi, na mimi sitagusa kitu kabla sijajibiwa kwa maandishi. Simu haiachi alama.

Barua hii inaletwa na Walter, dereva wa lori letu la maziwa. Huja Kisii kila siku isipokuwa Sabato. Mpeni jibu.

Wenu,
Esnah Nyakerario
Karani wa Kumbukumbu


Kisii Mjini
Alhamisi, 13 Februari 2025

Madam Esnah,

Salamu kutoka ofisini. Barua yako imetufurahisha sana, maana tangu ofisi hii ifunguliwe hatujawahi kupokea karatasi iliyokunjwa. Bosi wangu Cynthia ameipiga picha.

Pole kwa usumbufu, ila usiwe na wasiwasi. Amri ya rudisha inafanya hivyo hivyo inavyosema: inarejesha hali iliyotangulia. Uiendeshe mara moja, majina yatarudi, na utaendelea na kazi. Ni jambo la dakika mbili. Watumiaji wengi hawasomi mwongozo hata kidogo, kwa hiyo wewe uko mbele yao.

Kuhusu ukurasa wa 14, nakubali ungeweza kuandikwa vizuri zaidi. Bahati mbaya aliyeuandika hayuko nasi tena, kwa hiyo siwezi kukueleza alikuwa na nia gani.

Karibu tena wakati wowote, na simu pia ipo.

Wako,
Brandon Omosa
Huduma kwa Watumiaji


Nyansiongo
Jumatatu, 17 Februari 2025

Bwana Omosa,

Asante kwa barua. Uliyoyaandika kuhusu rudisha ni maneno yale yale ya ukurasa wa 15, umeyageuza tu yakatazama upande wa pili. Nilikuuliza hali ipi, ukanijibu hali iliyotangulia.

Nitakueleza kwa nini ni mgumu, usije ukadhani ni ukaidi wa mama wa shamba. Mimi pia ni karani wa kanisa, Waadventista. Kwetu jina la mtu halitoki katika kitabu kwa siku moja. Mshiriki akihamia kanisa jingine, jina lake linasomwa mbele ya watu Sabato ya kwanza. Halifutwi. Watu wanaenda nyumbani nalo wiki nzima. Mwenye neno analileta. Sabato ya pili linasomwa tena, ndipo watu wanapiga kura na mimi nashika kalamu. Nimefanya hivyo kwa miaka kumi na tisa. Basi mwongozo uliponiambia nihakiki orodha kisha nikamilishe, mkono wangu ulijua kabisa kwamba huu ni usomaji wa kwanza. Haikunijia akilini hata kidogo kwamba duniani kuna mahali watu sitini na watatu wanaondolewa kwa kubonyeza mara moja bila mtu kuuliza kama yupo mwenye neno.

Hilo kosa ni langu. Nilileta mazoea ya kanisani kazini. Lakini mwongozo ulikuwa na nafasi ya kunizuia, na haukunizuia.

Sasa nina maswali matatu, na ninataka uyajibu moja moja. Rudisha inarudisha nini? Haigusi nini? Maziwa na tarehe za kupandisha nilizoandika tangu tarehe 3 yatakuwa wapi nikimaliza? Nina wanachama mia nne wanaoleta kila siku. Siwezi kuwaokoa sitini na watatu kwa kuwazamisha hao wengine.

Kuna mama mmoja anaitwa Persis. Ana ng'ombe mmoja, Rosi, ambaye amekauka na atazaa mwezi ujao. Alikuwa mwanachama wa ishirini na moja kujiandikisha wakati ushirika huu ulikuwa meza chini ya mabati. Tangu asikie, anakuja kila asubuhi na fimbo yake, hana maziwa, hana kopo. Anasimama mlangoni, ananisalimia "Bwakire," kisha ananiuliza kwa Kikisii kama amerudi. Namwambia bado. Anaenda. Mimi ndiye niliyemtoa, Bwana Omosa, na ananisalimia kwanza.

Jibu kwa Walter, tafadhali.

Esnah Nyakerario


Kisii Mjini
Alhamisi, 20 Februari 2025

Madam Esnah,

Nakuandikia kwa mkono. Utaelewa nikimaliza.

Barua yako nilianza kuijibu Jumanne kwa kujiamini, nikaona afadhali kwanza niendeshe amri yenyewe. Kila Jumapili programu inatuletea nakala ya kumbukumbu zenu. Nikachukua nakala ya Jumapili iliyopita, nikaiweka kwenye kompyuta ya pembeni ambayo haijaunganishwa na yenu, nikaandika rudisha.

Majina sitini na matatu yalirudi. Nikataka kukupigia simu hapo hapo. Halafu nikakumbuka swali lako la tatu, nikafungua maziwa ya tarehe 10. Hakuna. Tarehe 4, hakuna. Kila kitu mlichoandika baada ya tarehe 3 Februari kilikuwa kimefutika: maziwa ya wanachama wote kwa siku kumi na tatu na tarehe ishirini na tisa za kupandisha. Rudisha inairudisha kompyuta nzima nyuma hadi siku ile, kana kwamba hamkuamka tangu siku hiyo.

Mimi nilikuambia uiendeshe, dakika mbili. Ungenisikiliza, leo usingekuwa na kitu cha kumwonyesha mtu yeyote. Nimekaa na jambo hili siku mbili nikishindwa hata kula vizuri.

Nilimwonyesha Cynthia. Alishtuka, hakukataa. Ila alisema kampuni haiandiki makosa yake kwenye karatasi, nikupigie simu nikueleze kwa mdomo. Nilikubali. Kisha nikakumbuka ulivyosema juu ya simu.

Usiiendeshe rudisha. Ninatafuta njia nyingine, nadhani ipo, nimeona kidokezo kwenye maandishi ya fundi aliyeitengeneza programu. Wakati huo huo nimejaribu kuuandika upya ukurasa wa 14. Rasimu nimeiambatisha. Nisomee, uniambie kama ungeielewa siku ile.

Wako,
Brandon Omosa


Nyansiongo
Jumatatu, 24 Februari 2025

Ndugu Brandon,

Umenijibu maswali yote matatu. Asante. Barua hiyo nimeifungia kabatini na cheti changu cha kuzaliwa.

Rasimu yako nimeisoma. Ni nzuri kwa mtu aliyekaa kwenye kiti, amekunywa chai. Haitamfaa karani. Nitakuonyesha jinsi nilivyojua. Nilimwita Walter, ambaye hajawahi kugusa Zizi, nikamfungulia daftari la zoezi ambalo halina watu wa kweli, nikampa ukurasa wako. Nikamwambia, soma ufanye. Nilisimama nyuma yake sikusema neno. Walter alisoma mstari wa kwanza, akafanya. Akasoma mstari wa pili wenye amri, akaiandika, akabonyeza enta. Kisha akasoma mstari wa nne, ambao kwa herufi kubwa unasema TAHADHARI, HAKIKISHA UMEANGALIA ORODHA KABLA YA KUENDESHA. Akageuka kunitazama. "Madam, hawa jamaa wananionya nikishagonga?"

Onyo liweke juu, Brandon. Mtu hasomi ukurasa mzima ndipo aanze. Anasoma mstari, anatenda mstari, huku mlangoni kuna foleni ya makopo na mtu anauliza mbona mizani haisomi.

La pili, umeandika "Mwanachama A" na "Mwanachama B". Huku hakuna mtu anaitwa hivyo. Andika ng'ombe amekauka. Andika mtu amelazwa. Karani akiona hayo atamkumbuka mtu fulani, mkono utasita wenyewe.

La tatu, sema ni lini jambo linatendeka. Usiniambie "huondoa". Niambie wanaondoka saa ngapi.

Hapa kwetu mambo si mazuri. Kamati imeniambia majina yasiporudi kufikia tarehe 5 Machi nikabidhi funguo, na jambo langu lipelekwe kwa afisa wa ushirika lichunguzwe kama hila ya uchaguzi. Jana mjomba alikuja nyumbani. Alikaa, akala ndizi, akaniuliza habari za watoto. Kisha akasema, "Esnah, hao watu waache tu nje mpaka uchaguzi upite, halafu tutawaandikisha upya polepole. Nani atakulaumu? Mashine ndiyo ilifanya." Mjomba huyu ndiye aliyenilipia shule baada ya baba kufa. Nilimwambia sitaweza. Hakumaliza chai.

Sasa naomba kitu kimoja. Yule aliyeandika ukurasa wa kwanza, ambaye umesema hayuko nanyi tena, nipe jina lake na anwani. Simtakii mabaya. Nataka tu aandike mstari mmoja kwa kamati kwamba ukurasa ule ni wake na haukusema watu wanaondoka papo hapo. Kamati itamwamini aliyeandika kuliko itakavyoniamini mimi.

Persis hakuja leo wala jana. Wanasema kifua.

Esnah


Kisii Mjini
Alhamisi, 27 Februari 2025

Madam Esnah,

Aliyeandika ukurasa wa 14 ni mimi.

Nimeandika sentensi hiyo kwenye karatasi nne kabla ya hii, na zote nilizichana. Sijaenda popote. Nipo kwenye meza ile ile niliyouandikia. Mwongozo wote wa kurasa arobaini niliuandika kwa siku mbili, wiki ile programu ilipokuwa inazinduliwa, kwa kunakili maelezo ya fundi na kuyapanga yapendeze. Hakuna hata amri moja niliyoiendesha. Nilipoandika "kisha kamilisha" nilikuwa nafikiria kuchapisha ripoti. Hakuna aliyeniuliza, na mimi sikujiuliza.

Barua yako ya kwanza ilipofika niliogopa kazi yangu. Mama yangu yuko Kebirigo, ana majani chai kidogo na ng'ombe wawili, na mimi ndiye nguzo. Nikaona kumuua yule mwandishi kwa sentensi moja ni rahisi. Halafu wewe ukaanza kunituma nimtafute.

Mstari wako wa kamati uko kwenye karatasi ya pili, umetiwa sahihi na namba ya kitambulisho changu. Utumie upendavyo.

Sasa sikiliza, maana zimebaki siku sita. Njia ipo. Fundi aliweka maneno ya nyongeza ambayo mimi sikuyaweka kwenye mwongozo kwa sababu sikuyaelewa. Unaandika hivi: rudisha majina. Maneno mawili. Yanarudisha walioondolewa pamoja na ng'ombe wao na kumbukumbu zao za zamani. Maziwa ya tangu tarehe 3 hayaguswi. Tarehe za kupandisha hazitaguswa. Nimeijaribu kwenye nakala mara tatu, Jumatatu, Jumanne na leo, na kila mara nimehesabu majina na kufungua maziwa ya siku tano tofauti. Yote yapo. Itakachokionyesha skrini nimekichora upande wa nyuma wa karatasi hii. Ukiona kitu tofauti na mchoro, simama, usibonyeze chochote.

Hata hivyo, nakili kwanza kumbukumbu zenu kwenye flashi. Usiniamini sana. Nimekwisha kukupa sababu.

Brandon Omosa


Nyansiongo
Jumatatu, 3 Machi 2025

Brandon,

Barua yako nimeisoma mara mbili, kama mazoea yangu. Mara ya kwanza nilitaka kuitia jikoni iivishe maharagwe. Wiki mbili, kijana. Wiki mbili nilikuwa naitwa mwizi wa kura na watu niliowafundisha shule ya Sabato, na wewe ulikuwa unajua, na ulikuwa unaniambia "karibu tena wakati wowote".

Mara ya pili niliisoma kama karani. Ilisema nini cha kufanya, kwa mpangilio, na ilisema nisimame wapi. Hiyo ndiyo barua ya kwanza kutoka ofisi yenu ambayo ningeweza kuifuata nikiwa na foleni mlangoni. Kwa hiyo hasira niliiweka kando, nikachukua flashi.

Leo saa nne asubuhi, mbele ya kamati yote, nilinakili. Kisha niliandika rudisha majina. Kabla ya kubonyeza niliwasomea barua yako kwa sauti ili kila mtu ajue kitakachotokea kabla hakijatokea. Skrini ilitoa kile kile ulichokichora, hata ule mstari mfupi wa mwisho. Sitini na watatu. Nilifungua maziwa ya leo, ya juzi, ya tarehe 4 Februari. Yapo. Mzee Nyabuto aliomba kuona jina lake, akavaa miwani, akalitazama muda mrefu. Mjomba alikuwa dirishani.

Mchana nilipanda hadi kwa Persis. Amelala, anapumua kwa shida, mkwe wake Jacinta anamshikia mto. Nilimwambia amerudi. Aliniuliza kama ni kwa namba yake ile ile. Nikasema ile ile, ishirini na moja. Akasema, "Mbuya mono," vyema sana, akafumba macho.

Mstari wako kamati imeupokea. Lakini wanachama hawasomi mafaili ya kamati. Wanasikia. Nataka uje tarehe 13, usimame mbele yao usome ukurasa wa zamani, usome na mpya, useme nani aliandika zote mbili. Sijakusamehe bado. Nakualika tu.

Esnah


Kisii Mjini
Alhamisi, 6 Machi 2025

Mama Esnah,

Nitakuja. Cynthia amesema nikienda niende kwa niaba yangu, nisivae shati la kampuni. Nimeomba ruhusa ya siku moja na nimenunua shati jeupe.

Ukurasa huu hapa. Nimempa mama yangu ausome Jumapili, mstari kwa mstari, nikiwa nimesimama nyuma yake kimya kama ulivyofanya wewe kwa Walter. Alisimama mahali pawili. Pote nimeparekebisha.

"Soma hili kabla ya kuandika chochote. Amri ya kuondoa inawatoa watu papo hapo unapobonyeza enta. Haitakuuliza kama una hakika.

Usomaji wa kwanza. Andika: ondoa wasioleta 90 onyesha. Majina yatatokea na hakuna atakayeondoka. Yachapishe. Yabandike mlangoni kwa wiki moja na uyasome kwa sauti watu wakiwepo. Ng'ombe aliyekauka akingoja kuzaa si sababu ya kumwondoa mtu. Kulazwa hospitali si sababu.

Usomaji wa pili. Baada ya wiki, soma tena majina yaliyobaki. Asiye na wa kumtetea, muulize jirani yake.

Kisha, na si kabla, andika: ondoa mwanachama, ufuatishe namba yake. Namba moja kila mara. Ataondoka mmoja, mwenye namba hiyo, na hakuna mwingine.

Ukikosea, andika: rudisha majina, ndani ya siku thelathini. Usiandike rudisha peke yake. Itafuta kila ulichoandika tangu siku ya kosa.

Imeandikwa na Brandon Omosa, ambaye ameijaribu."

Kama kuna neno, lirudishe na Walter.

Brandon


Nyansiongo
Jumatatu, 24 Machi 2025

Mwanangu Brandon,

Siku ya mkutano ulikimbia kabla ya chai. Walter alisema simu yako ililia mara tano ulipokuwa unasoma. Natumaini bado una meza. Kama hawataki watu wanaosema kweli kwa shati jeupe, kuna vyama sita vya maziwa hapa Borabu vyenye miongozo isiyosomeka, na nimekwisha kuwatajia jina lako.

Ninakuandikia ujue yaliyotokea ulipoondoka, maana una haki nayo.

Ulimaliza kusema "ni mimi niliyeandika", ukatoka. Kisha yule mama wa safu ya pili aliyekuwa ananiita mwizi tangu Februari alisimama, akasema kwamba hata yeye angebonyeza. Akakaa. Hakuniomba radhi, na sikuhitaji.

Halafu nikaita daftari, jina kwa jina, kwa namba. Kila mtu aliitika nipo. Moja, mbili, tano, kumi na nane. Nilipofika ishirini na moja nilisoma Persis Kwamboka. Nilijua. Wote tulijua, alikufa Jumapili ya tarehe 9, siku nne kabla. Lakini jina lilikuwa kwenye daftari kwa sababu sisi wawili tulilirudisha, na sikuwa na ruhusa ya kuliruka. Nikalisoma mara ya pili. Ukumbi wote ulisimama bila kuambiwa, Mzee Nyabuto na mjomba wangu pia. Nililia mbele ya wanachama mia nne na sioni aibu.

Mzee Nyabuto ameshinda kwa kura thelathini na nane. Toa wale sitini na wawili waliobaki baada ya Persis, na yeye mwenyewe akiwemo, uone ingekuwaje. Mjomba naye aliona. Ananipita njiani akitazama mashamba ya chai ya watu. Inaniuma, na itaniuma muda mrefu, lakini hakuna mtu Nyansiongo nzima anayesema uchaguzi uliibwa, hata yeye.

Kwenye mkutano ule ule, kabla ya kufunga, nilisoma jina la Persis kwa usomaji wa kwanza, la kuondolewa kwa kifo. Nilichapisha karatasi, nikaibandika mlangoni, pale alipokuwa anasimama na fimbo yake. Watu walipita wiki nzima wakiisoma. Wengine waliigusa. Rosi alizaa Jumanne, ndama jike, na Jacinta akaleta kopo lake la kwanza.

Alhamisi iliyopita, tarehe 20, nililisoma tena jina lake, kituoni watu wakiwepo. Nikauliza kama kuna mwenye neno. Jacinta akasema hana, ila anaomba namba ya mama mkwe wake iwe yake. Tukakubali.

Nikaenda kwenye kompyuta. Nilikuwa sijaigusa amri hiyo tangu tarehe 3 Februari. Nikafungua ukurasa wako nikauweka wima kwenye kibodi. Nikasoma mstari, nikatenda mstari. Mara ya kwanza tulimtoa Persis bila kumwambia, na alitembea kila asubuhi kuja kuuliza kama amerudi. Safari hii kila mtu alijua, na sisi tulimsindikiza.

Niliandika ondoa mwanachama 21. Nikabonyeza enta.

Ukurasa ulisema ataondoka mmoja, na aliondoka mmoja.

Mama yako kwa barua,
Esnah Nyakerario